Imani ya haki, imani halali, au imani yenye mashiko?

Mwalimu mmoja wa Changamwe ameniandikia hivi:

"Shikamoo maalim. Mchana nafundisha Kiswahili shule ya upili, usiku nafasiri. Nimepewa sura ya falsafa inayozungumzia imani ambayo mtu ana sababu nzuri ya kuwa nayo, na sura nzima inazunguka kivumishi kimoja. Nimejaribu 'imani ya haki', 'imani halali', na mwisho nikaandika 'imani iliyohalalishwa'. Mwenzangu ofisini anashikilia 'imani sahihi'. Zote naziona zinachechemea. Sentensi moja imenikwamisha kabisa, nimeiacha hivi: 'Mtu anaweza kuwa na imani iliyohalalishwa ambayo ni ya uongo.' Neno ni lipi? Na imani ikishagunduliwa kuwa si kweli, bado itaitwa hivyo?"

Marahaba, mwalimu. Andika "imani yenye mashiko". Na ndiyo, ikija kugunduliwa kuwa si kweli, mashiko iliyokuwa nayo siku ulipoiamini hayafutiki. Swali lako la pili ndilo linaloamua la kwanza, kwa hivyo nitakaa nalo zaidi. Lakini tuanze na hayo manne yaliyokuchosha.

"Imani ya haki" ukiisema hapa Mombasa, msikilizaji anasikia khutba. Dini ya haki, njia ya haki, watu wa haki: neno limebeba maana yake ya Kiarabu ya ukweli wenyewe. Kwenye Kiswahili cha kila siku maana hizo zimegawana njia. Haki imekwenda mahakamani na kwenye foleni, hakika imebaki na ukweli, ikatupa kuhakiki na kuhakikisha. Ila likikaa karibu na "imani", neno linarudi msikitini lilikotoka, na msomaji wako atadhani unamwambia dini gani ni ya kweli. Neno "imani" nalo si jepesi. Mama akimwona mtoto anamvuta paka mkia, humkemea, "Huna imani wewe!" Hapo imani ni huruma. Kwa hivyo tayari una nomino yenye maana tatu, na kivumishi utakachoipa kinapaswa kuielekeza, kisiizidishie utata.

"Halali" ni ya vitu na vitendo: nyama, ndoa, jasho, pesa. Imani haichinjwi wala haiozwi. Tena halali haina ngazi. Nyama ama ni halali ama si halali, hakuna nyama halali kidogo, ilhali sababu za kuamini huzidi na kupungua, na mwanafalsafa wako bila shaka anazungumzia kuzidi na kupungua huko.

"Iliyohalalishwa" ndiyo mbaya kuliko zote, na najua kwa nini uliiandika, maana hata mimi niliwahi kuipenda. Inaonekana ya kitaalamu. Lakini sikiliza tunavyoitumia barazani: "Anahalalisha uvivu wake", "Wanahalalisha wizi". Kuhalalisha ni kuchukua jambo lililokwisha kufanyika ukalitafutia kanzu ya kulivisha. Mtu kwanza ameamini kwamba jirani ni mchawi, kisha anaokota sababu: paka mweusi, taa kuzimika, mtoto kuharisha. Hiyo ndiyo imani iliyohalalishwa kwa Kiswahili chetu, na ni kinyume kabisa cha unachofasiri. Mwandishi wako anataka sababu zitangulie na imani izifuate.

"Sahihi" ya mwenzako haichechemei, imekwenda mtaa mwingine. Sahihi ni sifa ya jibu likilingana na mambo yalivyo. Mwanafunzi wako asiyesoma chochote akatia alama kwenye B kwa kufumba macho, jibu lake laweza kuwa sahihi. Utampa maksi, lakini moyoni unajua, na Kiswahili kina neno lake: amebahatisha.

Sasa mashiko. Neno limetoka kwenye kushika, na picha yake ni ya mkono. Mtazame mkwezi anapopanda mnazi. Shina lile ni laini na limesimama wima, na kama halikukatwa vijipengo vya kutilia mguu na kukazia kidole, ni nguvu tu za mapaja. Vile vijipengo ndivyo mashiko. Havimwahidi mkwezi kwamba juu kuna dafu. Vinamwambia tu kwamba anapanda kwa njia ya mtu mwenye akili, wala hajitupi. Linganisha na kushikilia. Mtu "anashikilia" rai yake pale ambapo rai haina pa kushikwa, nguvu zote zinatoka kwake yeye. (Nimeona umeandika kwamba mwenzako "anashikilia" imani sahihi. Nadhani ulijua unachoandika.)

Lugha ya leo imelizoea neno hili. Wanasiasa huambiana madai yenu hayana mashiko, wahakiki wa mashairi hulitumia, walimu huliandika kwa wino mwekundu pembeni mwa insha. Limekubali kupimwa pia: mashiko zaidi, mashiko madogo, mashiko ya kutosha. Na linakupa nomino bure, jambo ambalo "halali" haikupi. Waweza kuuliza, "Mashiko ya imani hii ni nini?", waweza kusema ushahidi fulani "unaipa mashiko" au "unaipunguzia mashiko". Sura nzima ya falsafa utaifasiri kwa shina moja.

Nije kwenye swali lako la pili, na nitalijibu kwa viatu.

Ijumaa moja, miaka mingi iliyopita, nilitoka msikitini Mji wa Kale nikavaa makubadhi yangu pale nilipoyaacha, mkono wa kushoto wa mlango, karibu na birika. Ngozi rangi ileile, ukubwa uleule, yamechakaa kisigino cha kulia kama yangu. Nikenda zangu nyumbani. Ni wakati wa kuvua ndipo nilipohisi kamba ya kidole gumba imeshonwa kwa uzi mweupe. Yangu fundi aliishona kwa uzi wa kahawia. Nilirudi mbio, nikamkuta mzee mmoja amekaa kidatuni miguu mitupu, makubadhi yangu yamewekwa mbele yake kama kielelezo cha mahakamani. Akaniuliza jambo moja tu: "Uliyaacha wapi?" Nilipomwonyesha, akacheka. Yake aliyaacha papo hapo, na mtu aliyeingia akichelewa alikuwa ameyasukuma yangu upande wa pili kwa mguu.

Niliamini kwamba viatu vile ni vyangu. Haikuwa kweli. Lakini mzee hakuniita mwizi wala mpumbavu, kwa sababu imani yangu ilikuwa na pa kushika: mahali, rangi, kipimo, kisigino. Sasa badilisha kidogo. Mtu ameingia na ndara za mpira, akatoka na makubadhi mapya ya ngozi, akisema "nilidhani ni yangu". Huyo hata akila kiapo, hatumsikilizi. Pengine hata ni mkweli, pengine akili yake ilikuwa mbali na kweli alidhani hivyo. Ukweli wa moyo wake ni kitu kimoja, mashiko ya alichodhani ni kingine.

Sheria yetu inajua tofauti hiyo vizuri kuliko sisi walimu wa lugha. Kifungu cha 10 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya, Sura ya 63, kinamhusu mtu aliyetenda jambo kwa kuamini kwamba hali ni hivi, kumbe sivyo. Kifungu kinaipa imani yake vivumishi vitatu kwa mpigo: iwe ya dhati, iwe yenye mashiko, na iwe ya makosa. Mtu huyo hahukumiwi zaidi ya vile ambavyo angehukumiwa kama mambo yangekuwa kama alivyoamini. Angalia vivumishi hivyo vinavyokaa pamoja bila kugombana. "Ya dhati" inauliza habari za moyo, "yenye mashiko" inauliza sababu, "ya makosa" inauliza dunia ilivyo. Kama ungetia "sahihi" mahali pa kile cha kati, kifungu kingejipinga chenyewe: imani sahihi ya makosa. Hapo ndipo naona neno la mwenzako linaanguka moja kwa moja.

Na ukitaka kuligeuza upande wa pili, imani iliyo kweli lakini haina mashiko, subiri mwisho wa Ramadhani. Usiku wa kuamkia tarehe 30, kila mtaa una mtu wake. Wetu ni fundi cherehani. Magharibi haijaingia vizuri tayari anatangaza, "Kesho Idd!" Ukimuuliza mwezi umeonekana wapi, anakujibu kwamba amechoka kufunga na nguo za watu ameshazimaliza. Miaka mingine kweli mwezi unaandama na kesho yake tunaswali Idd, naye hupita akijipiga kifua: "Sikuwaambia?" Ulituambia, fundi, na ilikuwa kweli, lakini hukujua. Ulibahatisha. Mashahidi waliouona wakaenda kutoa ushahidi, hao ndio wenye mashiko, na sisi tuliosikia tangazo la Kadhi Mkuu tumeazima mashiko kwao. Kuamini kwa kupokea kutoka kwa mtu anayeaminika ni kuamini kwenye mashiko, lau sivyo hakuna hata mmoja wetu angejua tarehe yake ya kuzaliwa.

Tena kuna usiku mmoja ambapo hakuna haja ya kuona chochote. Mwezi wa Kiislamu ni siku 29 au 30, hauzidi. Jioni ya tarehe 30, hata mbingu ikiwa imefunikwa na mawingu meusi kutoka Nyali mpaka Mtongwe, ukisema "kesho Idd" imani yako ina mashiko yasiyotikisika. Hapo ndipo neno "yakini" linapostahili, na ningekuomba uliweke akiba kwa mahali kama hapo. Wafasiri wengi hulitawanya ovyo. Yakini ni juu ya mashiko: imani yenye mashiko inaruhusu shaka kidogo, yakini imeifungia mlango. Chini yake kuna dhana, na chini ya dhana kuna shaka, ngazi ambazo waliosoma vitabu vya chuoni wanazijua kwa mpangilio huo. "Thabiti", kwa upande wake, usiiguse katika sura hii. Imani thabiti ni ile ambayo mwenyewe hayumbi, na watu wasioyumba kwenye mambo yasiyo na mashiko wamejaa hadi pomoni.

Wahenga wetu walipata haya mapema. "Dalili ya mvua ni mawingu" haisemi kwamba mvua itanyesha. Inasema mwenye kuona mawingu ana haki ya kuanua nguo. Mvua isiponyesha, aliyeanua hakufanya upuuzi. Wahenga haohao, nakubali, ndio waliotuachia "lisemwalo lipo, kama halipo laja", methali inayoupa uvumi mashiko usiyostahili, na ambayo naona imevunja nyumba nyingi kuliko ilizojenga.

Sura yako ikiwa ni ya falsafa ya ujuzi, nina hakika itafika kwa mwanafalsafa Edmund Gettier, kwa hivyo jitayarishe. Wazo la kale, ambalo limo katika maandishi ya Plato ingawa Socrates wake mwenyewe hakuridhika nalo, ni kwamba kujua jambo ni kuliamini, liwe kweli, na uwe na maelezo ya kwa nini. Wanazuoni wa Kiislamu walikuwa na fasili yao ya elimu inayokaribiana nayo: itikadi ya mkato, inayolingana na hali ilivyo, kwa dalili. Mwaka 1963 Gettier, Mmarekani, alichapisha makala ya kurasa 3 tu akaonyesha kwamba hayo matatu hayatoshi. Mfano mwepesi kuliko yake ni ule wa saa iliyokufa, wa mwanafalsafa Mwingereza Bertrand Russell, 1948. Tuseme unaingia mkahawani Kibokoni, unatazama saa ya ukutani: saa kumi na dakika ishirini. Unaagiza kahawa. Saa ile ilikufa betri jana, nayo ilikufa kwenye saa kumi na dakika ishirini, na kwa sadfa sasa hivi kweli ni saa kumi na dakika ishirini. Unaamini, ni kweli, na una mashiko, maana kutazama saa ya ukutani si ujinga. Je, unajua ni saa ngapi? Agiza kashata ya pili uitazame tena saa ile, mshale haujasogea.

Watu wengi nikiwasimulia hujibu, "Amebahatisha huyo." Nami nawauliza: vipi abahatishe mtu aliyetazama saa? Wananyamaza. Kiswahili hakijatenga kitenzi kwa ajili ya mtu aliyepatia kwa bahati huku akiwa na sababu nzuri, na sidhani kuna lugha iliyofanya hivyo. Katika kufasiri, andika wazi: "imani yenye mashiko, tena ya kweli, lakini ukweli wake umekuja kwa bahati." Neno refu lisikutie aibu.

Nina kinyongo kimoja cha zamani kuhusu kivumishi hiki, na kwa kuwa umenifungulia mlango nitakitoa. Nilipokuwa nafanya ukalimani mahakamani, kipimo cha kesi za jinai kilifasiriwa "bila shaka yoyote", na magazeti yanaandika hivyo hadi leo. Kivumishi kimedondoka njiani! Sheria haitaki upande wa mashtaka uondoe kila shaka iliyopo duniani. Inataka uondoe shaka yenye mashiko. Jaji Denning wa Uingereza alilisema hilo mwaka 1947, kwamba kipimo hicho si sawa na kuondoa hata kivuli cha shaka, na mahakama zetu zimekuwa zikimnukuu. Mshtakiwa anayesikia "bila shaka yoyote" anadhani akisema tu "labda ni jini aliyeniwekea mzigo ule mfukoni" ameshatia shaka, basi aachiliwe. Nilimwona mmoja akilia kwa kuona amedhulumiwa, na sikumlaumu. Kwa maneno aliyofasiriwa, alikuwa na mashiko.

Upatanisho wa sarufi haukusumbui, najua, lakini wanafunzi wako utawasumbua. -enye wanaifundishwa kwenye vivumishi vya pekee: imani yenye mashiko, dai lenye mashiko, madai yenye mashiko, wasiwasi wenye mashiko, hoja zenye mashiko. Kwenye kukanusha ndipo wanapoteleza: imani isiyo na mashiko, dai lisilo na mashiko, madai yasiyo na mashiko. Mashiko hayana umoja katika maana hii, asikudanganye mtu na "shiko". Na "mshiko" kwa vijana ni pesa, kwa hivyo soma tena kabla ya kutuma kazi. Usiseme "mtu mwenye mashiko" ukikusudia kwamba ana sababu ya kuamini, itasikika kana kwamba ana uzito serikalini. Mtu "ana sababu ya kuamini", imani yake ndiyo yenye mashiko.

Kuna nomino moja ambayo ningeiachia "msingi": hofu. Mkataba wa Wakimbizi wa 1951 unamtambua mkimbizi kwa hofu yenye msingi ya kuteswa kwa sababu ya rangi, dini, taifa, kuwa kwake katika kundi fulani la jamii au rai yake ya siasa. Hofu haishikwi, hofu ndiyo hukushika wewe. Msingi unaikaa vizuri zaidi. Tuhuma na shutuma nazo zimezoea msingi, na mazoea katika lugha ni nusu ya sheria.

Usiisahau "ati". Watu wa pwani tumejaliwa kijineno kinachofanya kazi ya sentensi nzima. "Ati mwezi umeonekana Lamu" humaanisha: nimeambiwa, sijaona mashiko yake, usinitaje. Mahali ambapo mwandishi wako anaeleza imani isiyo na sababu nzuri kwa kejeli kidogo, "ati" itakuokoa maneno matano. Katika falsafa nzito itumie mara moja, isizidi.

Sasa sentensi yako. Ukitia tu neno jipya, utapata "imani yenye mashiko ambayo ni ya uongo", na bado haijakaa. Uongo una mwongo. Aliyevaa makubadhi ya mzee hakumdanganya mtu. Wala usikimbilie "potofu", kwa sababu imani potofu kwetu ni ushirikina au kupotea dini, na utakuwa umerudi kwenye khutba uliyokuwa unaikimbia. Andika "isiyo kweli", au vunja sentensi uifanye ya kitenzi, Kiswahili hupenda vitenzi:

"Mtu aweza kuamini jambo kwa mashiko mazuri kabisa, na jambo lenyewe lisiwe kweli."

Fanya hivyo pia pale kivumishi kinaporudi mara ya nne na ya tano katika aya moja. Mara moja "imani yenye mashiko", mara nyingine "ana sababu ya kuamini", mara nyingine "hakuamini hivihivi". Mahali palipo na fasili yenyewe tu ndipo ushike neno moja usiliachie, kwa sababu hapo mwandishi anahesabu masharti, na msomaji akiona maneno mawili atadhani ni masharti mawili. Ukimaliza nitumie kurasa za Gettier nizione, hasa utakavyofasiri mfano wake wa sarafu kumi mfukoni. Hapo patakuwa na "imani" tatu ndani ya mstari mmoja.